Kibao Nilichokitupa Gereji

Shangazi Ofelia mpendwa, nakuandikia nikiwa na msimamo wangu, usije ukadhani mimi ni mtu wa kuyumbayumba, ila nyumbani kwangu hakukaliki, na naomba uninyooshee mambo kabla ya Jumanne.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika sekondari kubwa hapa Bonde la Kusini, Albuquerque, na ni mwakilishi wa chama cha walimu shuleni kwetu, na siku zote nimesema waziwazi kwamba hizi shule za mkataba, zinazolipwa na serikali lakini zinajiendesha zenyewe, zinatunyonya, kwa sababu kila mwanafunzi anayehama anahama na fungu lake la fedha, na mwaka juzi tulimpoteza mwalimu wa muziki hivihivi tunaangalia. Bado naamini hivyo. Sasa binti yangu Marisela alipata mimba akiwa shuleni kwangu mimi, akaacha masomo, akakaa chumbani mwaka mzima pazia limefungwa, nami ninayefundisha watoto wa wenzangu nikashindwa hata kumfungulia kitabu, mpaka mama yake, Bernadette, akampeleka bila kuniuliza kwenye shule ya mkataba iitwayo Surco Nuevo, ile inayopokea vijana waliofukuzwa kwingine, waliotoka mahabusu ya watoto, waliokwisha kukatiwa tamaa, na huko wana chumba cha kulelea wachanga, binti anasoma aljebra huku mjukuu wangu Eliseo amelala upande wa pili wa ukuta, na siku asipofika mwalimu anakuja kugonga mlango wetu, na Shangazi, sitakuficha, binti yangu ameanza kucheka tena.

Tatizo ni kwamba mkataba wa shule hiyo unaisha, Jumanne bodi ya elimu inapiga kura iendelee au ifungwe, na Marisela amebakiza mwaka mmoja. Kila raia anapewa dakika mbili kwenye kipaza sauti, na chama kimenichagua mimi nizungumze dhidi yake. Mwenyekiti wetu ni Delfino, ambaye ndiye aliyemsimamia Marisela ubatizo, na hajui mtoto anasoma wapi, tulimwambia anasomea nyumbani. Hotuba nimeshaiandika na haina kosa: katika kila wanafunzi kumi wa shule ile, ni wanne tu wanaohitimu kwa miaka minne.

Jumamosi Delfino alikuja tuchome pilipili za kuhifadhi mwaka mzima, kama kawaida yetu kila vuli, na Bernadette alikuwa amechomeka kibao cha plastiki kwenye nyasi mbele ya nyumba, OKOA SURCO NUEVO, nami nilipoona gari la Delfino linakata kona nikaking'oa, nikakimbia nacho, nikakitupa gereji nyuma ya magunia. Delfino akashuka, akaniangalia. "Ndugu yangu, mbona unahema, umekimbizwa na mbwa?" Bernadette akamjibu badala yangu, "Mwache, kakimbizwa na plastiki." Nikacheka kwa nguvu kama mpumbavu, kisha nikamwona Marisela mlangoni na mtoto kiunoni, ameona yote. Delfino alipoondoka binti akaniambia, "Baba, leo umeficha kibao. Jumanne mimi utanificha wapi?" Tangu hapo hasemi nami.

Nisipoisoma hotuba mimi ni msaliti wa wenzangu, na nikiisoma nimemkosa mwanangu. Lakini mtu mzima si anaweza kutenganisha ya kazini na ya nyumbani? Mimi naona inawezekana, nataka tu uniambie namna.

Mwalimu Mwenye Msimamo, Bonde la Kusini

*

Mwalimu Mwenye Msimamo,

Pole kwa mwaka ule wa pazia. Baba kumwona mtoto wake anazimika na asijue ashike wapi, hilo ni zito, na simcheki mtu kwa hilo. Pole zimeisha. Sasa kaa chini tufanye hesabu, maana wewe ndiyo kazi yako na umeikosea.

Miaka minne unayoitaja inaanza kuhesabiwa lini? Siku mtoto alipoingia darasa la tisa, mwaka wa kwanza wa sekondari, popote pale. Marisela aliingia shuleni kwako. Mwaka wa pazia umo ndani ya hiyo minne. Hata akihitimu mwakani akiwa wa kwanza darasani, amechelewa, na Surco Nuevo ndiyo inayoandikiwa doa. Basi katika wale kumi wako, binti yako yuko upande gani? Yuko kwenye wale sita, baba. Ulikaa mezani na kalamu yako ukamwandika mwanao miongoni mwa walioshindwa, kisha unaniambia hotuba haina kosa!

Kuhusu mwalimu wa muziki uko sahihi, na usikubali mtu akunyamazishe. Zipo shule za mkataba ambazo ni maduka tu yenye ubao wa kuandikia, na bodi izibane mpaka zilie. Lakini huwezi kumwita mwizi mtu aliyeokota ulichokidondosha. Hawa walimwokota Marisela, wakamfuata hadi mlangoni kwako. Shule yako, samahani, ilikuja kugonga mara ngapi?

Na hili la kutenganisha kazi na nyumba limenichekesha. Ungekuwa umeyatenganisha, ungekiacha kibao cha mkeo kwenye nyasi ukaenda zako kuchoma pilipili. Mshika mbili moja humponyoka, na bora uchague mwenyewe ipi ikuponyoke.

Fanya hivi. Leo hii nenda kwa Marisela, umwombe radhi, bila "lakini". Muulize kama anakubali utaje jina lake mbele za watu, kwa sababu yaliyompata ni yake, si mali ya hotuba yako. Akikataa, watetee wanafunzi wote wa shule ile bila kumtaja yeye.

Kisha nenda kwa Delfino kabla ya Jumanne, kwa miguu yako, si kwa ujumbe wa simu. Mwambie hotuba ile huisomi na umweleze kwa nini. Atafoka. Atakachofokea zaidi si shule, ni kwamba mlimficha mtoto aliyemshika yeye mbele ya padri. Mwache afoke hadi amalize, halafu mwalike akaione Surco Nuevo kwa macho yake. Wakikuvua uwakilishi, hiyo ni kofia, si kichwa.

Jumanne simama kwenye kipaza sauti. Sema wewe ni mwalimu wa hesabu, mwanachama wa chama, na chama hukihami. Iambie bodi ihesabu pia wanaohitimu kwa miaka mitano na sita, iipe Surco Nuevo mkataba mpya, na ikague kila senti. Dakika mbili zinatosha kwa mtu mwenye hoja.

Na kibao kirudishe mwenyewe, mchana, majirani wakiona, Bernadette akishika mti wewe ukigonga nyundo. Akikutania, vumilia, umeyataka.

Mwisho, binti alikuuliza swali na hukumjibu. Alitaka kujua Jumanne utamficha wapi. Mjibu hivi: kiti cha mbele kabisa, Eliseo mapajani, pale ambapo bodi nzima na baba yake wa ubatizo hawatakuwa na budi kumwona.

Shangazi Ofelia