Mireli Yuko Hai kwa Shigela

Jumatatu, 18 Juni 2001

Pamba tu leo. Vituo viwili vya ununuzi, bei mbili, mizani tatu. Nimetuma habari gazetini kwa faksi saa tisa. Hawajajibu – maana yake wameipata.

Jioni Shigela alinisubiri nje ya posta. Alikuwa karani wa mizani wa chama cha ushirika mpaka wanunuzi binafsi walipokuja na mizani zao na makarani wao. Sasa ana chumba cha gemu nyuma ya soko: televisheni mbili, mashine mbili. Anataka niandike gazetini kwamba CD zake si feki. Nikamwuliza nani kasema ni feki. Mwalimu Wilhelmina, akasema, yule wa Kiingereza pale sekondari.

Kisa chenyewe. Gemu inayopendwa kwake inaitwa Daraja la Chuma, sehemu ya kwanza na ya pili. Mwalimu amepata vitabu viwili vya hadithi ya gemu hiyo hiyo kwenye sanduku la msaada, akavisomesha darasani. Katika kitabu cha pili Mireli, dada yake nahodha, anakufa. Kwa Shigela, sehemu ya pili, Mireli anatembea mzima mpaka mwisho. Basi, mji umeamua: CD ya Shigela ni bandia.

Mji huu umeuziwa betri zisizowaka na dawa ya pamba isiyoua mdudu. Neno feki hapa halisemwi kwa mzaha.

Nimemwambia gazeti halitangazi biashara ya mtu kwenye ukurasa wa habari. Nitaangalia mwenyewe, lakini sikuahidi kuandika.

"Angalia haraka, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Jumamosi nzima nilipata watu wanne."

Jumatano, 20 Juni

Nimemkuta Wilhelmina chumba cha walimu, anasahihisha. Hana kinyongo na Shigela, hata hamjui vizuri. Anachofurahia ni kwamba wanafunzi wanagombania kitabu kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi. Kanuni yake: hakuna kucheza kabla ya kusoma. Kitabu ndicho asili, anasema, gemu ni picha yake. Picha isipofanana na mtu, kosa ni la mpiga picha.

Alitaka niahidi kuvisoma kabla ya kugusa mashine. Nikakataa. Miaka ishirini na sita kanuni yangu ni moja: eneo la tukio kwanza, faili la polisi baadaye. Ukianza na faili utaona kilichoandikwa tu.

Akaweka kalamu nyekundu chini. "Na ukienda bila faili, dada Specioza, utajuaje unachokiona?"

Swali zuri. Nimeliandika. Vitabu amenipa hata hivyo.

Ijumaa, 22 Juni

Nimecheza. Sehemu ya kwanza, bila kusoma hata jalada.

Mwalimu wangu ni Salu, fundi cherehani, huja saa saba akifunga kibanda chake ale. Mikono yake haionekani inavyokwenda kwenye pedi, kile kidude cha kubonyezea gemu. Yangu ilionekana. Nimekufa mara kumi na moja kwenye daraja la kwanza – nimeandika kila moja. Nne kwa kuanguka, sita kwa askari, moja sijui.

Salu kasema nabonyeza kama napiga taipu.

Chumba safi, kimefagiliwa, kuna kopo la maji ya kunywa. Shigela ameandika muda wa kila mchezaji kwa mwandiko ule ule wa stakabadhi za pamba. Leo mistari mitatu, wangu ukiwamo.

Jumapili, 24 Juni

Kitabu cha kwanza, baada ya misa, kitini uani. Nimekimaliza kabla ya giza.

Daraja lililoniua mara kumi na moja ni nusu ukurasa. Wanafika, wanapigana kidogo, wanavuka. Nimecheka peke yangu. Kama ningesoma kwanza ningeamini ni daraja dogo! Alama moja kwa kanuni yangu.

Ila mwandishi wake kanieleza kwa nini wanavuka. Mashine haikunieleza hilo, au ilieleza nikiwa nakufa.

Alhamisi, 28 Juni

Sehemu ya pili nimegeuza utaratibu, ili nitendee haki pande zote. Kitabu kwanza.

Mireli anafia ukurasa wa 143, kisimani, anawatekea maji majeruhi. Kimeandikwa vizuri. Sikulia, lakini nilisimama nikachemsha chai kabla ya kuendelea.

Kisha kwa Shigela. Pedi nimempa Salu, mimi nikakaa pembeni kutoa maagizo. Kila mlango nilisema subiri. Kila askari nilisema kuna mwingine nyuma yake. Tulipofika kisimani nikamshika mkono, nikamwambia arudi.

"Mama, unaogopa nini? Hapa hakuna mtu."

Kweli hakukuwa na mtu. Mireli akateka maji, akabeba ndoo, akaenda zake.

Saa mbili nzima nimeogopa kifo ambacho hakipo. Sijapata kucheza kitu kwa raha hivyo. Alama moja kwa kanuni ya mwalimu.

Jumapili, 1 Julai

Mambo yamekuwa makubwa. Jana sokoni, mbele ya watu wa mnada, Shigela amemwita mwalimu uwanjani kama Bagika wanavyowaita Bagalu, wapinzani wao wa ngoma, msimu wa mbina. Siku moja, uwanja mmoja, wakati mmoja. Yeye aweke gemu, mwalimu asimulie kitabu. Watu wakihamia kwako umeshinda, hakuna hakimu mwingine. Siku ni Saba Saba.

Mwalimu akishindwa, atalifuta neno feki mbele ya wote. Shigela akishindwa, anafunga chumba na kurudi Ipililo kulima.

Nimemwuliza Shigela kama amefikiri. Anasema hajalala siku mbili, amefikiri vya kutosha. Watu nimewekwa mimi kuwahesabu.

Jumanne, 3 Julai

Asubuhi nimevaa miwani na kusoma ukurasa ambao hakuna anayeusoma, ule wa herufi ndogo nyuma ya jina la kitabu cha pili. Hadithi hii, unasema, imetungwa kutokana na gemu. Mwaka wa kitabu: 1999. Mwaka wa gemu: 1997.

Kwa hiyo kitabu si asili. Gemu ilitangulia miaka miwili, Mireli akiwa mzima. Mtunzi ndiye aliyemwua.

Nikaenda kwa Shigela na habari njema. Nikaomba niione CD yenyewe, kwa ukamilifu tu. Lebo imekatwa kwa mkasi. Nimeinua pembe yake kwa ukucha: chini yake kuna lebo nyingine, ya CD tupu. Ni nakala.

Nimemwambia vyote viwili, kwa mpangilio huo. Aliinunua Mwanza, duka lenye mlango wa kioo, akalipa bei ya kitu halisi, akaapiwa. Alikaa kwenye benchi la wateja.

"Kwa hiyo mwalimu amesema kweli?"

Nikamwambia amesema kweli kwa sababu isiyo kweli. Hadithi ya gemu yake Shigela ni sahihi, CD yake ndiyo nakala.

Akauliza kama siwezi kusema la kwanza tu. Nimemjibu kwamba nikiulizwa la kwanza nitajibu la kwanza, nikiulizwa la pili nitajibu la pili. Hakukasirika. Amekaa na mizani maisha yake yote, anajua ukweli unavyopimwa. Alisema tu kwamba watu wa Bariadi hawaulizi kwa mafungu.

Jioni nimempelekea Wilhelmina ukurasa wa herufi ndogo. Kausoma mara mbili. Kasema huwaambia wanafunzi kila siku wausome, yeye hakuusoma. Lakini kujitoa hawezi, ataambiwa kaogopa. Na kingine, kasema huku anafunga kitabu: aliyekufa kitabuni kafa, hata kama kitabu kilizaliwa jana.

Habari ya nakala sikumwambia. Hakuniuliza.

Ijumaa, 6 Julai

Bei ya pamba imepanda kidogo Lalago. Nimetuma.

Turubai limeshafungwa uwanjani. Inasemekana mwalimu ana dawa ya kuvuta watu, kaipata Shishiyu. Nimemwuliza. Anasema ni chaki.

Usingizi mzuri jana. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 7 Julai – Saba Saba

Naandikia hapa hapa uwanjani.

Saa 4:15. Shigela chini ya turubai jeusi, jenereta, televisheni zote mbili juu ya meza. Salu kwenye mashine, amevaa gauni jipya. Wilhelmina hatua sitini mbali, juu ya dawati, kitabu mkononi hakitazami. Anasimulia Kiswahili, wahusika wakigombana anahamia Kisukuma. Shigela 160, mwalimu 135.

Saa 4:40. Daraja la kwanza la sehemu ya pili, Salu kavuka bila kuguswa. Makofi. Shigela 210, mwalimu 120. Shigela anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Juni.

Saa 4:55. Mwalimu anajua kazi yake. Kampa nahodha lafudhi ya wanunuzi wa pamba, watu wanaangua kicheko. Shigela 150, mwalimu 205. Shigela hatabasamu.

Saa 5:10. Mireli amekufa. Mwalimu kashusha sauti mpaka waliokaa nyuma wakasogea. Mwanamume mmoja kavua kofia. Sijui idadi, pengine 280. Chini ya turubai wamebaki wachache, nao shingo zimegeukia huku.

Saa 5:12. Mtu kapiga kelele kutoka turubaini: Mireli yuko huku, anateka maji!

Wamekimbia. Wote. Wamemwona, mzima, na ndoo. Wengine wamerudi mbio kwa mwalimu kuhakikisha kama bado kafa. Bado kafa. Wamekimbia tena. Nimeacha kuhesabu – haijawahi kunitokea, hata kwenye uchaguzi.

Saa 5:20. Kelele. Kijana mmoja kasema ndiyo sababu tunaiita feki. Shigela kasimama mbele ya televisheni zake kama mtu anayelinda mlango.

Kuna bibi kutoka Shishiyu, mfupi, anatafuna karanga. Amehamisha kigoda chake mara tatu kufuata watu. Mara ya nne amekiweka katikati, akakalia, akawaita wote wapumbavu.

"Mnakimbizana na nini? Yule wa mwalimu kafa. Huyu wa Shigela karithi jina lake."

Walicheka. Kisha hawakucheka. Nusu ya waliosimama hapa wanaitwa kwa jina la marehemu fulani, nami nina la bibi yangu mzaa baba. Mtu kasema ndiyo maana hata mwendo wanafanana. Mwingine kasema basi hakuna aliyedanganya. Yule kijana wa feki anakuna kichwa.

Saa 5:25. Wamekuja kwangu. Mwandishi amesoma na amecheza, aseme yeye: huyu ni Mireli mwenyewe au mrithi wa jina? Wilhelmina ameshuka kwenye dawati, ananitazama. Shigela ananitazama. Hakuna aliyeuliza kuhusu nakala.

Ninachokijua: kitabu hakisemi hivyo. Gemu haisemi hivyo. Hakuna mahali panapokana.

Nimekwenda kwa bibi, nimechuchumaa mbele ya kigoda, nimemwomba jina kamili. Ng'washi. Kijiji, kata. Umri haujui, alizaliwa mwaka wa nzige. Akauliza naandika ya nini. Nikamwambia, ili ijulikane nani kasema. Akafurahi, akaketi vizuri, akaanza kurudia polepole nisikose neno.

Salu hajagusa pedi. Mireli amesimama kisimani na ndoo yake.

"Mayu," anauliza Shigela mbele ya wote, mara ya tatu sasa, "kwa hiyo CD yangu ni safi?"

Nimemwambia asubiri, bado naandika.