Niliunyoosha Mstari wa Baba Mkwe

Shangazi mshauri, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimejifungia studio kana kwamba nina kazi, kumbe sina, nimekaa tu natazama spika, maana nyumbani mke wangu hanisemeshi na kwa wakwe siwezi kukanyaga, na yote nimejitakia mwenyewe.

Mimi ni fundi wa kurekodi muziki. Studio yangu ni chumba cha nyuma ya saluni, ukutani nimebandika sponji za kuzuia kelele, na ukifunga mlango unasikia feni tu na mashine za kukaushia nywele kwa mbali. Mke wangu ni mwimbaji. Baba yake, yaani baba mkwe wangu, alikuwa mpiga gitaa wa bendi, na si wa kubahatisha, watu walikuwa wanamfuata kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine, mpaka mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka, daktari akampa dawa, dawa ikapunguza lakini haikumaliza, akaliweka gitaa juu ya kabati akawa mtu wa kukaa sebuleni na redio imezimwa, ukimuuliza baba vipi, anakwambia tupo.

Basi mke wangu alipoanza kurekodi wimbo wake mpya nikapata wazo, nikamwomba mzee aje anisaidie mwangwi. Nikueleze kidogo, Shangazi: kwenye programu tunayotumia, wimbo ukiwa unapiga unaweza kuzungusha kitufe ukaongeza au kupunguza mwangwi kwenye sauti ya mwimbaji, na kompyuta inakumbuka kila ulivyozungusha, inachora mstari chini ya ile sauti, ukiongeza unapanda, ukipunguza unashuka, halafu ukiupiga wimbo tena kitufe kinazunguka chenyewe kwenye skrini vile vile ulivyofanya wewe. Mzee alipoona hivyo mara ya kwanza alicheka mpaka akavua miwani, akasema, "Kumbe mkono wangu unabaki hapa hata nikienda nyumbani!"

Tangu siku hiyo kila Jumamosi alikuwa anafika kabla sijafungua, shati limepigwa pasi, ananisubiri kwenye benchi la saluni anataniana na wasusi. Akiingia anakaa, anashika kitufe, anafumba macho, sauti ya binti yake inaanza, na yeye anaifuata, anauachia mwangwi neno linapoishia na kuurudisha kabla linalofuata halijaingia. Mama mkwe akaniambia siku hizi hata chakula anamaliza. Nilijiona mkwe wa maana kweli kweli.

Halafu shetani akanipitia. Siku moja nikiwa peke yangu nikaukuza ule mstari wake kwenye skrini, lo, umejaa meno kama msumeno, kila alipotetemeka kompyuta imeandika. Nikaona aibu kwa niaba yake, nikasema huu wimbo unakwenda redioni, fundi mwingine akiifungua hii kazi atanicheka, basi nikashika kipanya nikaanza kufuta nukta za ule mstari, hii na hii na hii, mpaka mstari wote ukanyooka, ukawa laini, nami nikaridhika nikaenda kula.

Jumamosi mzee akaja na rafiki yake aliyekuwa mpiga ngoma wa bendi yao, amemleta makusudi aje asikie kazi yake. Nikaupiga wimbo. Kufika ubeti wa pili mzee akafumbua macho, akasogea kwenye skrini, akauliza, "Mwanangu, hapa nani amepiga?"

Nami, Shangazi, sijui ulimi uliniteleza vipi, nikamjibu, "Ni wewe, baba."

Akautazama ule mstari, akautazama mkono wake. Akasema, "Basi nimepona." Akachukua kofia, akamwambia mwenzake twende, na hajarudi tena. Mke wangu akimpigia simu anaambiwa baba amechoka, akiniuliza mimi umemfanya nini baba yangu, namjibu hata sijui, labda kweli amechoka.

Mstari wa zamani ninao, nilihifadhi. Nimefikiria niurudishe kimya kimya, kisha nimwambie mzee kwamba siku ile kompyuta ilileta hitilafu, ili heshima yake ibaki na yangu ibaki. Au nimwache tu apumzike, si mtu mzima yule? Redioni wanausubiri wimbo. Nisaidie, Shangazi. Mzee alikuwa amerudi kwenye muziki, na mimi ndiye niliyemtoa.

Fundi Mitambo Aliyeharibu

*

Marahaba, Fundi.

Nianze kwa kukupa haki yako, maana nikishaanza kukusema nitasahau. Wakwe wangapi wanamtoa mzee sebuleni wakamkalisha kwenye kiti cha kazi? Wengi wanapiga simu, "mzee hujambo," wanakata. Wewe ulifanya jambo zuri mno, na wazo lilikuwa la kichwa chako mwenyewe.

Halafu ukachemsha, mwanangu. Umechemsha vibaya!

Barua yako nimeirudia nikitafuta kitu kimoja tu, mahali unaposema ule mwangwi ulisikika vibaya. Sijapaona. Umeniambia mstari una meno, umeniambia fundi mwenzako atacheka akiuona. Kwani redioni wanarusha mistari? Msikilizaji anayeosha vyombo jikoni kwake atayaonea wapi hayo meno? Wimbo umeuhariri kwa macho, wewe mtu wa sauti! Nilimpigia simu mpwa wangu anayefanya kazi kama yako nikamsomea kipande hicho. Akasema, "Shangazi, hilo hata mimi limeshanikuta." Basi hupo peke yako, lakini usishangilie.

Mstari ungesameheka. Kilichomwondoa mzee ni lile jibu lako. Mtu anaishi na mkono huo kutwa, unammwagia chai, unamshinda kwenye vifungo vya shati, halafu wewe, mbele ya rafiki yake, unamwambia kwamba ile kazi iliyonyooka ni ya kwake. Unamvisha kilemba cha ukoka mtu mwenye akili zake timamu! Amekuuliza swali la fundi kwa fundi, wewe ukambembeleza kama mtoto aliyeanguka. Ingekuwa mimi, ningeondoka na kofia na kiti chako juu.

Na hiyo hadithi ya hitilafu ya kompyuta, naomba ifie humo humo kichwani mwako. Aligundua amefumba macho kwamba mwangwi si wake. Masikio hayo utayapeleka wapi na uongo wako wa pili?

Sasa sikia. Leo hii mwambie mke wako ukweli wote, pamoja na lile "hata sijui". Atawaka. Mwache awake, ni baba yake, na ni sauti yake pia uliyokuwa unachezea. Usimwombe akakusemee. Redioni waambie wasubiri, hakuna redio iliyowahi kufungwa kwa kukosa wimbo mmoja. Kisha urudishe ule mstari wa zamani, zima skrini, usikilize wimbo mwanzo mpaka mwisho. Nahisi hujawahi.

Kesho nenda kwa mzee wewe mwenyewe, simu usitumie. Mpitie yule mpiga ngoma uende naye, maana alikuwepo ulipodanganya, basi na awepo unaposema kweli. Useme hivi: "Baba, mstari ule niliuchora mimi. Wako niliuondoa, na nikakudanganya. Nisamehe." Ishia hapo. Ukitia neno "lakini" umeharibu tena.

Inawezekana kuna mahali mkono ulimzidi, mwangwi ukafunika neno. Sijausikia wimbo, siwezi kukuapia. Lakini hapo wa kusema ni yeye. Mpwa wangu anasema programu zenu zina namna ya kuandika pale tu mtu anaposhika kitufe, akikiachia mstari unarudi ulivyokuwa. Wewe unaijua vizuri kuliko mimi, ulijitia hamnazo tu. Basi arudie neno hilo moja kwa mkono wake, mara nyingi apendavyo, kwingine kote kusiguswe. Na wimbo ukitoka, jina lake liandikwe pamoja na kazi aliyofanya. Usimwandike "msaidizi", nitajua.

Anaweza kukujibu tena kwamba amechoka. Kunywa chai uliyopewa, aga kwa heshima, wiki ijayo urudi. Nami nakutia moyo kwa sababu moja: mtu aliyekata tamaa haulizi nani amepiga hapa. Ana uchungu na kazi yake bado.

Hajachoka yule, Fundi. Ameachishwa kazi na mkwe wake, na mkwe huyo huyo ndiye wa kwenda kumwambia kiti chake kiko wazi.