Kitambaa cha Bawa la Kushoto

Nangara, Babati
20 Novemba 1983

Kaka yangu mpendwa Damasi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko chuoni Moshi, na kwamba mitihani imekwisha salama. Sisi huku tunaamka na tunalala, Mungu asifiwe. Mvua imeanza. Mama amepanda mahindi peke yake na mgongo unamsumbua. Sabuni haipatikani, tunafulia maji ya majivu. Alhamisi nilipanga foleni tangu alfajiri, nikarudi na kiberiti kimoja.

Najua unangoja habari za ndege anayoiunda Baba kule bandani. Baba alimaliza mbavu zote za mabawa. Mbao alizipigia randa juu ya meza yetu ya chakula, kwa hiyo tulikula tumepakata sahani, na ugali ukawa na maranda. Injini ya gari la foksi mliyoifungua pamoja bado imefunikwa gunia. Kitambaa cheupe cha pamba, marekani, alikipata duka la ushirika, aliwatengenezea milango wakamlipa kitambaa. Mama alikishona kwa mkono juu ya mabawa, akilalamika kwamba wenzake wanavaa viraka na yeye anavisha mbao. Bawa la kulia lilipakwa vanishi likakazika kama ngoma. Kisha vanishi ikaisha, la kushoto likabaki jeupe.

Bibi hakuacha maneno yake. Alimwambia Baba kwamba amezaa mwana anayefuga mnyama asiyetoa maziwa wala samadi. Mzee Marseli, balozi wetu wa nyumba kumi, kila akipita aliuliza kama ndege imeshataga, na Baba akamjibu kwamba itataga juu ya bati lake. Bibi alicheka kuliko wote. Baba alikuwa amepanga kwamba ukija Krismasi mtaisukuma hadi malisho ya Mutuka, mwone kama itanyanyuka hata kimo cha ng'ombe.

Kaka, sasa keti. Baba alinikataza kukuandikia hili kabla hujamaliza mitihani. Bibi ametutoka. Aliugua kifua siku chache tu. Mama na mzee Marseli walizunguka mji mzima kutafuta sanda. Duka la ushirika halikuwa na nguo, na wenye maduka yao walikuwa wamefunga kwa kuogopa msako wa walanguzi. Watu walishauri azikwe na shuka lake la zamani, kama wengi wanavyozikwa mwaka huu. Baba alichukua wembe, akaingia bandani, akafumua mishono ya Mama kwenye bawa la kushoto, mmoja baada ya mwingine, ili kitambaa kisichanike. Mzee Marseli alimshikia bawa, na hakutania.

Bibi alizikwa katika nguo mpya, nyeupe, nzima. Hata jamaa wa Sigino waliuliza imetoka wapi.

Tangu hapo Baba hajaingia bandani. Anaunda vitanda vya watu, anakula, analala. Lakini juzi nilimkuta Mama amesimama mbele ya lile bawa tupu, akilipima kwa shubiri huku midomo ikihesabu. Aliponiona alinituma maji.

Ukija, kwanza mpe Baba pole ya mama yake. Habari ya Mutuka usimwulize, ngoja aitaje mwenyewe. Na kama huko Moshi kuna kitambaa, hata kipande, Mama hatakikataa.

Wote hapa nyumbani wanakusalimu na wanakuombea safari njema.

Ni mimi mdogo wako,
Xaveria