Bundi Baada ya Risasi

Milimani Ozark, Missouri
Jumapili, Aprili

Dada yangu Verna,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kilimani. Natumaini wewe, shemeji Curtis na watoto mmeamka salama huko St. Louis, na kile kikohozi kimekuacha. Sisi hatujambo. Goti la Baba linamsumbua mvua ikikaribia, ila ulimi wake hauna ugonjwa. Anasema nikwambie mkate wa mahindi wa mjini ni keki iliyokosa adabu.

Uliniagiza niende naye kuwinda bata mzinga, kisha nikuandikie ukweli mtupu. Ulisema kama bado anadai kumsikia marehemu kaka yetu Wendell msituni, basi akili zimemtoka, na mwisho wa mwezi utakuja kumchukua. Nimekwenda naye, dada. Soma ukiwa umekaa.

Jana alfajiri tuliingia bonde la nyuma ya nyumba. Baba alibaki kwenye mwaloni ulioanguka, mimi nikavuka kijito. Kulipopambazuka, dume mmoja mkubwa akaja akiutanua mkia. Nikapiga, akaanguka akitapatapa.

Wewe uliacha kuwinda zamani, kwa hiyo nikukumbushe. Wengine wakishapiga hukurupuka mbio wakamkanyage ndege shingo asiinuke. Sisi Baba alitufundisha kukaa palepale kwanza. Unatoa kidole kwenye kifyatulio cha bunduki, unalia kama bundi, na hunyanyuki mpaka mwenzako aitikie, mjue kila mmoja yuko wapi na ni mzima. Watu wengine wakisikia bundi husema msiba unakuja. Kwetu ni salamu.

Basi nikalia. Baba akaitikia kutoka kushoto, kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Nilipotaka kuinuka, bundi wa pili akaitikia kutoka kulia, upande wa jabali.

Verna, bundi wa kweli namjua. Huyu alimalizia kwa kicheko kidogo, kile ambacho Wendell alishindwa kukizuia hata Baba alipomfokea kwamba atawafukuza bata wa wilaya nzima. Nikajiambia ni masikio tu, nikalia tena. Akaitikia tena, karibu zaidi.

Baba alinikuta nimeganda, ndege bado hajaguswa. Akanitazama usoni, akaguna: "Haya binti, nani mwehu sasa?" Nikamwuliza yeye hufanya nini akimsikia. Akasema, "Namwitikia tu. Kwani wewe ukiitwa huitiki?" Akaweka viganja mdomoni, akalia kuelekea jabalini. Kicheko kikajibu, kikasogea mbali, kikapotea.

Niliogopa, sikufichi. Nililala taa ikiwaka, nikawa naifikiria siku aliyokufa Wendell. Unakumbuka Baba alimwambia atangulie kuwinda, angemfuata, kisha homa ikamwangusha Baba mlangoni. Tulimkuta Wendell ameanguka chini ya jabali, na sote tukasema aliteleza akimkimbilia ndege aliyempiga. Lakini ndege tulimkuta upande mwingine kabisa, hajaguswa. Sasa naamini alikaa kama alivyofundishwa. Alilia, akangoja, akalia tena, na Baba hakuitikia. Alifikiri risasi yake imempata Baba. Aliinuka kwenda kumtafuta.

Leo asubuhi nimerudi huko peke yangu nikalia. Kimya. Hanitaki mimi; jana aliitikia kwa sababu alimsikia Baba.

Kwa hiyo mwisho wa mwezi njoo, dada, nitakukaangia kidari cha bata. Lakini usije kumchukua Baba. Wendell bado anauliza kama Baba ni mzima, na ukimpeleka mjini, nani atamjibu?

Wabusu watoto, na shemeji mwambie asichoke kutuvumilia. Baba naye anakusalimu. Anasema siku ukifika, usishuke garini kimyakimya. Ulie kwanza kama bundi, tujue ni wewe.

Mdogo wako akupendaye,
Leota