Kilo Moja ya Gunia

Jumanne, baada ya kusahihisha madaftari

Gunia! Mimi, mwalimu wa hisabati, nimepimwa kama gunia na sikujua.

Shuleni hatuna mzani wa watu, kwa hiyo najipima kwenye mzani wa kakao, pale wakulima wanapouzia. Nilianza mwezi uliopita na kilo themanini na tano, namba niliyoisoma mwenyewe kwenye mzani. Nikaacha wali wa jioni. Wali wa Kyela, jamani! Baada ya wiki tatu za mchicha, Jumanne iliyopita, karani wa mzani, mzee mmoja mpole, akatangaza kwa sauti: "Themanini na nne!" Wakulima wakanipigia makofi. Nikaenda nyumbani kujipongeza kwa sahani mbili za wali na samaki wa kukaanga.

Leo akatangaza themanini na tatu. Nusura nipige vigelegele. Halafu nikatazama namba mwenyewe: themanini na nne.

"Mzee, mbona umepunguza?"

"Kilo moja ya gunia tupu, mwalimu. Kila mzigo tunaitoa."

"Na wiki iliyopita?"

"Niliitoa pia," akajibu, kama mtu anayesubiri shukrani.

Nikamwambia ndaga. Sijui nilikuwa namshukuru kwa lipi.

Yaani wiki iliyopita nilikuwa bado themanini na tano: wiki tatu za njaa hazikunipunguza hata chembe, na wiki niliyofakamia wali ndiyo kilo imetoka. Mwili huu una dharau.

Jioni hii nimekula mchicha tena, nimenuna. Lakini kilo ya leo ni yangu, gunia halimo.