Sproketi Ndogo, Cheni Ndefu

Jumanne, Januari 2008

Hapa Mashimoni wote wanaisimulia vibaya ile safari yangu. Eti pikipiki ilinishinda juu ya uzee! Mimi, fundi wa mafundi!

Sproketi kubwa ya nyuma, lile gurudumu la meno linalozungushwa na cheni, inavuta mzigo lakini haikimbii. Nilikuwa nampeleka jirani yangu, Mama Mutua, kwa dadake Kawangware, na tangu uchaguzi barabarani kuna vijana wa mapanga. Nikafunga ndogo, tukimbie. Kwa haraka sikupunguza cheni. Ikabaki ndefu, ikaruka mbele yao kabisa.

"Mzee, wewe kabila gani?" mmoja wao akauliza.

"Kabila ya grisi!" nikajibu. Wakacheka, wakatuachilia.

Kesho nampeleka bwanake huko huko. Cheni nimekata.

Hiyo ya grisi nimeitunga mwenyewe. Nililia tu, wakanionea huruma. Sijui kesho kama machozi yatatosha tena...