Sita ya Immaculate

Jumamosi, 8 Machi

Syombua amepigwa. Mgongoni! Na si adui aliyempiga.

Niandike polepole, hasira bado haijaniisha. Miaka miwili sasa tunacheza huu mchezo wetu wa vita na uchawi kila Jumamosi, sisi wanne: Donald, mwenye meza, anayesimulia na kuendesha maadui, Reuben, mimi, na Immaculate — rafiki yangu tangu Form One. Syombua ni mhusika wangu, mpiga mkuki. Nimemlea tangu akiwa hajui hata kushika ngao. Leo tulikuwa kwa Donald kule mtaa wa Sofia, mchezoni tunalinda mlango wa chemchemi, joto la Voi limetukausha na feni inazunguka bure. Immaculate akachukua dadu. Nikadhani anampiga lile jitu mlangoni. Akasema: namlenga Syombua.

Tukacheka. Reuben akamuuliza kama soda imemlewesha. Donald hakucheka. Hapo ndipo nilipaswa kujua.

Akatupa. Sita!

Kwenye sheria zetu sita ni pigo la kuangusha, hakuna ngao ya kulizuia. Lakini ndiyo namba pekee yenye huruma: aliyeipata anaweza kusema "nasita", na mkono unarudi. Sheria hiyo niliianzisha mimi. Mwaka wa kwanza Syombua alirogwa, akamgeukia mpiga mishale wa Immaculate, nikapata sita, na Immaculate akaanza kulia machozi ya kweli. Nikapiga kelele — sita, basi nasita! Wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Ikawa sheria.

Kwa hiyo leo nilimwangalia tu, natabasamu kama mjinga, nangoja neno lake.

Akasema, "Sisiti."

Jumapili, 9 Machi

Kanisani alikaa kiti cha nyuma yangu. Baada ya ibada akanifuata hadi getini. Eti ni game tu. Eti tangu Januari Donald alimwambia mpiga mishale wake amenunuliwa na Malkia wa Majivu, adui yetu mkuu mchezoni, ikabidi afiche, ndio utamu wa hadithi. "Mwelu, si wewe nimepiga. Ni Syombua."

Sawa. Msaliti wa kwenye mchezo naweza kummeza. Lakini dadu ilimpa ruhusa ya kusita na akaikataa. Hilo Donald hakumtuma.

Nimemwambia nina nguo za kufua. Sina.

Jumanne, 11 Machi

Reuben alipita hapa kazini kwangu, agrovet, kununua dawa ya kupe ya ng'ombe wa babake kule Marungu. Mdomo wake hauna breki. Eti nisidhani ni chuki, Immaculate na Donald walijipanga poa sana, walikuwa wanakutana kwa Donald kila Alhamisi jioni kupanga hilo pigo.

Kila Alhamisi!

Alhamisi Immaculate huniambia yuko shifti ya jioni pale chemist. Tangu Januari. Na kwa sababu yuko shifti, nani amekuwa akipanda mtaa wa Mwakingali na jua lote hilo kumpelekea mama yake dawa ya presha? Mimi! Mama ananitilia chai, ananiita mwanangu, ananiambia Immaculate anajituma sana siku hizi. Kumbe tunadanganywa wote wawili. Kumbe mtu yuko Sofia anapanga vile atanilenga mgongoni.

Dawa ya Reuben niliimwaga, ikabidi nipime upya. Nimeumia. Si kwa sababu ya mshale.

Alhamisi, 13 Machi

Ametuma meseji. Yuko shifti leo, anaomba nimsaidie na dawa za mum.

Sijui kama ni shifti ya kweli. Chemist iko njiani, ningechungulia tu. Sikuchungulia. Nimepeleka dawa, nimemkuta mama anachambua mchicha, nimemsaidia. Yeye hana kosa. Akaniuliza mbona nimenyamaza hivi. Nikasema ni joto.

Jumamosi, 15 Machi

Leo zamu ya kuchezea nyumbani ilikuwa kwangu. Wako sebuleni sasa hivi. Naandika haraka.

Aliyeanguka hajitupii dadu. Anatupiwa, na yule aliyemtaja siku ya kwanza ya mchezo. Jina halibadilishwi. Mimi nilimtaja nani? Immaculate, nani mwingine! Ikitoka sita, Syombua anainuka. Ikitoka nyingine yoyote, amekwisha, na miaka yangu miwili pamoja naye.

Immaculate hakuniangalia. Akapulizia dadu viganjani, akatupa kwa nguvu mno. Ikaruka mezani, ikadunda sakafuni, ikaingia chini ya kabati la vyombo. Sheria: inasomwa palipoangukia, haiguswi. Akalala kifudifudi na tochi ya simu. 

"Sita! Mwelu, ni sita!"

Akainuka na vumbi kidevuni, analia na kucheka. Ndipo Donald akauliza vile sheria ya meza inavyotaka, "Unahakikisha ama unaamini?" Haki hiyo ni ya aliyetupiwa peke yake. Reuben akajifanya anasoma kalenda ukutani.

Nikasema ngojeni, siwezi kulala sakafuni na gauni, nivae suruali.

Nikiangalia nikute sita, nimemwita mwongo mbele ya watu. Nikikuta tatu — basi amenidanganya tena, lakini safari hii ili aniinue, na sijui kama nitamchukia au nitamkumbatia. Nisipoangalia, Syombua atasimama, na kila atakaporusha mkuki nitakuwa nawaza kilicho chini ya kabati.

Ananiita. Ati Mwelu, njoo basi, wallahi ni sita, njoo ujionee! Inaonekana ni kweli. Ni sauti ya mtu anayesema kweli kabisa.

Ndiyo sauti ya Alhamisi zote.

Suruali nimeshavaa. Nasita.